Fraze Bila Freni: Juu ya Nini Hatuweki Nukta?



Leo tunataka kusema juu ya kitu kidogo sana, kitu ambacho ncha ya biki inakifanya mara moja tu, kiisha mkono unaendelea na safari yake. Kitu hicho ni nukta, ile tunaita kwa Kifaransa point.

Kila mara gazeti letu linapotengenezwa, klasi mbalimbali zinatuletea karatasi za ukurasa wa Kiingereza. Tunazisoma zote. Wengi wanafikiri kwamba ugonjwa wa Kiingereza chetu ni maneno yasiyoandikwa vizuri, ao ile "s" ya mwisho tunayosahau. Hapana. Magonjwa hayo yako, lakini msomaji anaweza kuyavumilia. Ugonjwa mkubwa ni mwingine: hatujui kusimama. Mwanafunzi anaanza fraze mstari wa kwanza, anaweka mkato, anaendelea, anaweka mkato tena, anaendelea tena, na nukta yake ya kwanza tunaikuta chini ya karatasi, sawa mtu ambaye camion yake ilikosa freni juu ya mteremko na ikasimama paka kwa sababu barabara iliisha.

Waalimu wanaiita kwa Kiingereza run-on sentence. Sisi kati yetu tunaiita fraze bila freni. Maneno yetu ya leo ni haya: fraze bila freni si kosa la pointi tu. Ni mwandishi aliyekataa kuamua, na kazi ile ya kuamua anamwachia msomaji.

FRAZE BILA FRENI NI NINI?

Kwa Kiingereza, fraze iliyo kamili iko na mtendaji wake na tendo lake, ndiyo kusema sujet na verbe, na inaweza kusimama peke yake bila kushikwa mkono. Tunapochukua fraze kamili mbili na kuziweka pamoja bila kiungo kinachofaa, tumefanya kosa lile. Liko la namna mbili.

Namna ya kwanza, hakuna kitu katikati: "The rain fell all night the road was full of mud." Maana yake: mvua ilinyesha usiku kucha barabara ilijaa matope. Fraze mbili zimegongana sawa mapikipiki mawili kwenye rond-point.

Namna ya pili, tunatia mkato, ile virgule, na tunafikiri tumemaliza kazi: "The rain fell all night, the road was full of mud." Hii ndiyo namna yetu zaidi. Macho hayaoni ubaya, kwa maana kuna alama katikati. Lakini mkato wa Kiingereza ni kamba nyembamba. Peke yake hauna nguvu ya kufunga fraze kamili mbili.

Sasa tusikie vizuri: urefu si kosa. Wengi wakiambiwa "fraze yako haina freni" wanafikiri kwamba fraze ni ndefu mno. Mtume Paulo aliandika mwanzo wa barua kwa Waefeso, sura ya 1 kutoka mstari wa 3 mpaka wa 14, na kwa Kigiriki wataalamu wengi wanaihesabu kuwa fraze moja tu, yenye maneno zaidi ya 200. Ile haikukosa freni. Kila kipande kimefungwa kwa kipande kingine na neno linalosema namna gani vinapatana. Wale waliotafsiri Biblia, wengi wao waliikata vipande vipande ili sisi tuweze kupumua. Na kwa upande mwingine fraze fupi sana inaweza kuwa na kosa: "I called, nobody came." Maneno manne tu, na mwalimu mkali ataikata.

KOSA HILI LINATOKA WAPI KWETU?

Watu wengine wanasema ni uvivu. Sisi hatukubali. Kosa hili linatoka katika lugha tunazozijua vizuri, si katika ujinga.

Tuanze na Kifaransa, kwa maana ndiyo lugha ya masomo yetu. Mwalimu wa Kifaransa anatufundisha kwamba kuna njia tatu za kuunga propositions: juxtaposition, coordination na subordination. Ya kwanza ni kuziweka jirani na mkato katikati: "Il pleut, je reste à la maison." Hakuna mtu anayekukatia pointi hapo, ni Kifaransa safi. Basi tunaingia kwenye saa ya Kiingereza na mlango uleule tunaufungua. Lakini kwa Kiingereza mlango wa kwanza umefungwa, isipokuwa tutumie nukta-mkato, ile point-virgule. Inabaki milango miwili. Hapa ndipo kiini cha shida yote, na tungefurahi kama kila mwalimu wa Kiingereza angelisema siku ya kwanza ya mwaka, kwa maneno haya haya, mbele ya tablo.

Tunakuja kwa Kiswahili. Katika Kiswahili cha Biblia kuna ile "ka" inayofanya kazi ya kuunga: akaondoka, akaenda, akaona, akarudi. Matendo manne, mtendaji mmoja, na "ka" imeshika yote kama uzi unaoshika samaki. Tukiyapeleka kwa Kiingereza kichwani, "ka" inabaki nyuma kwa sababu Kiingereza hakina kitu kama hicho. Uzi umekatika, samaki wameanguka, sisi tunaweka mikato tu pahali pa uzi. Na Kiswahili cha hapa kwetu Kisangani, kile cha soko na cha nyumbani, kinasema: "Nilienda soko, nilikuta mama Fulani, aliniambia bei imepanda, nilirudi." Mdomoni ni kizuri kabisa. Sauti inapanda na kushuka, mikono inasaidia, yule anayesikiliza anaona uso. Karatasi haina uso wala mikono.

Kuna tena shida ya mtendaji mdogo. Kwa Kiswahili mtendaji anafichwa ndani ya tendo: "anaamka". Neno moja ni fraze kamili. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "My sister sells fish at the market, she wakes up at four o'clock," yeye anaona ile "she" ni kama "a" ya "anaamka", kitu kidogo kinachoendelea na habari ya mbele. Lakini "she" ya Kiingereza ni mtendaji mzima. Pale anapoingia na tendo lake, fraze mpya imezaliwa. Vilevile "he", "it", "they", "we" na "I". Tukiona mmoja wao nyuma ya mkato, tusimame na kutazama.

Na Lingala nayo inatupa "bongo" yake, inayofunga kila kitu na kila kitu. Tunaitafsiri "then" ao "so" na tunaendelea na safari.

NAMNA YA KUITAMBUA

Tuko na majaribio matatu. Kila mtu achukue kaye yake na kuyafanya.

La kwanza: hesabu watendaji na matendo. Piga mstari mmoja chini ya kila mtendaji, mistari miwili chini ya kila tendo. Ukiona jozi mbili kati ya herufi kubwa na nukta, jiulize: ni neno gani linaloziunga? Kama jibu ni "mkato tu" ao "hakuna", umeipata.

La pili: weka "It is true that" mbele ya kila kipande. "It is true that the rain fell all night." Inasimama. "It is true that the road was full of mud." Inasimama. Basi ni fraze mbili, na zinataka kiungo ao nukta. Lakini "It is true that because the rain fell all night" inaning'inia, sikio lenyewe linangojea kitu kingine. Basi kipande kile si fraze kamili, na mkato peke yake unatosha kukiunga na mwenzake.

La tatu: tazama maneno ya udanganyifu. Haya ni "then", "however", "therefore", "after that", "for example". Yanafanana na viungo lakini hayaungi kitu. "We finished the work, then we went home" bado iko na kosa. Andika "and then". "The river was high, however the boats left" bado iko na kosa. Andika: "The river was high; however, the boats left." Viungo vya kweli vya kuunganisha fraze sawa kwa sawa ni saba tu: and, but, or, nor, for, so, yet. Mtu anaweza kuvijua kwa moyo katika dakika mbili.

Wengine wamefundishwa: soma kwa sauti, pale unapopumua weka mkato. Tunasema, muangalie sana hapo! Pumzi inasaidia kujua kwamba kuna kitu, lakini haisemi ni kitu gani. Mwenye mapafu ya mchezaji wa mpira atasoma mistari mitatu bila kupumua, je, yeye hana haja ya nukta?

NAMNA YA KUIPONYA

Dawa ziko nyingi, na hapa ndipo tunataka wasomaji watege sikio, kwa sababu dawa hazifanani. Chukua fraze hii: "The teacher was sick, we wrote the test." Mwalimu alikuwa mgonjwa, tuliandika interro. Mwandishi anataka kusema nini?

Labda anasema: "The teacher was sick, but we wrote the test." Ugonjwa haukuzuia kitu.

Labda: "The teacher was sick, so we wrote the test." Hakukuwa na somo, basi walitupa interro ili tukae kimya.

Labda: "While the teacher was sick, we wrote the test." Anatupa wakati tu.

Labda: "The teacher was sick. We wrote the test." Mambo mawili, kila moja peke yake, msomaji afikiri anavyotaka.

Ao: "The teacher was sick; we wrote the test." Anasema mambo haya mawili ni ndugu, lakini hataji undugu wao.

Fraze tano, habari tano. Ile ya mkato peke yake haikuchagua hata moja. Ndiyo sababu tulisema mbele kwamba ni kukataa kuamua. Kuponya kosa hili si kutupa nukta ovyo kama chumvi juu ya pondu. Ni kujiuliza: mambo haya mawili yanapatana namna gani? Ukijibu, kiungo kinakuja chenyewe.

Kwa yule dada anayeuza samaki, dawa nzuri ni "who": "My sister, who sells fish at the market, wakes up at four o'clock." Jambo kubwa limebaki kubwa, jambo dogo limekuwa dogo.

Lakini tusitoke katika shimo moja na kuanguka katika lingine. Kuna wanafunzi ambao, wakisikia haya, wanakata kila kitu: "Because the rain fell all night." Nukta! Hapana. Kipande kile hakiwezi kusimama, tumekwisha kuona. Ni mtumbwi umefunguliwa kamba na ndani hamna mpiga kasia.

JE, NI KITU KIKUBWA KWELI?

Mwenzetu mmoja alisema: "Mnasumbua watu juu ya alama moja. Msomaji ataelewa tu." Tunamjibu kwa mambo matatu.

La kwanza linatoka katika Biblia. Nakala za zamani sana za Agano Jipya kwa Kigiriki ziliandikwa karibu bila alama, na bila hata nafasi kati ya maneno. Katika Luka 23:43 Yesu anamwambia yule mhalifu msalabani habari ya peponi, na katikati liko neno "leo". Wengi wanaweka mkato mbele ya "leo", na maana ni kwamba atakuwa peponi siku ileile. Wengine wanauweka nyuma ya "leo", na maana ni kwamba Yesu anasema siku ile, lakini pepo itakuja wakati mwingine. Makanisa yamebishana juu ya jambo hili mpaka leo. Alama ile ile, pahali pawili, mafundisho mawili juu ya kufa kwetu. Nani atasema tena kwamba ni kitu kidogo?

La pili linatoka hapa jirani. Kule Yakusu, chini ya mto, mmisionari wa Kibaptisti John Carrington alikaa miaka mingi akijifunza ngoma za Walokele, na mwaka 1949 alitoa kitabu chake juu ya ngoma zinazosema. Ngoma ile ya mti iko na sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi yanafanana kwa sauti. Wazee walifanya nini? Hawakupiga neno "mwezi" peke yake, kwa maana lingechanganyika na mengine. Waliongeza maneno mengine yanayojulikana, kwamba ni mwezi unaotazama dunia. Habari ikawa ndefu, lakini haikupotea. Wazee wale walijua kwamba yule anayesikiliza yuko mbali, hawezi kuuliza "unasema nini?" Msomaji naye yuko mbali. Kama mpiga ngoma ambaye hakupita shuleni alimfikiria msikiaji wake, sisi wa humanités tutasema nini?

La tatu ni zito. Someni fraze hii: "We left the market when the soldiers came my uncle ran to the river." Tulitoka sokoni wakati askari walifika mjomba alikimbilia mtoni. Je, sisi tulitoka wakati askari walifika? Ao tulitoka mbele, na wakati askari walifika ni mjomba aliyekimbia? Kile kipande cha katikati kinavutwa huku na huku, sawa lile neno "leo" la Luka. Fraze hii tumeitunga sisi, lakini mji wetu unajua habari za namna ile. Kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana hapa ndani ya Kisangani. Sisi hatukuwa tumezaliwa bado, lakini wazazi wetu walikuwapo. Nchi yetu iliishitaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye, ambayo lugha zake ni Kifaransa na Kiingereza. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilisema Uganda ina kosa. Tarehe 9 Februari 2022 iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa mambo ya Ituri, ya Kisangani na ya pahali pengine: milioni 225 juu ya watu, milioni 40 juu ya mali, na milioni 60 juu ya utajiri wa asili. Kongo iliomba zaidi ya dola milioni elfu 11. Na juu ya mambo mengi Mahakama ilisema ushahidi hautoshi.

Hatusemi kwamba pesa zilipotea kwa sababu ya mikato. Tusicheze na machozi ya watu. Tunasema hivi: mbele ya waamuzi, kitu kinachoulizwa ni nani, alifanya nini, wapi, siku gani. Hayo ndiyo maulizo ambayo nukta inatulazimisha kujibu, fraze moja kwa moja. Kati yetu watatoka wanasheria, waganga, wauguzi, waandishi wa habari. Siku moja mmoja wetu ataandika habari ya mtu mwingine ambaye hajui kuandika. Siku ile isiwe siku ya kwanza anajifunza kusimama.

WALE WANAOSEMA "KIINGEREZA SI LUGHA YETU"

Ni kweli, si lugha yetu. Lakini tangu mwaka 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiingereza ni lugha rasmi ya jumuiya ile. Bidhaa nyingi za soko letu zinapita Uganda. Na wale watakaojifunza sayansi ya msitu watakuta kwamba vitabu na makala mengi juu ya msitu wetu wenyewe yameandikwa kwa Kiingereza.

Tena, lugha ya wengine mtu anaweza kuishika. Mwezi wa Septemba 1890 baharia mmoja, Joseph Conrad, alifika hapa kwenye maporomoko na mashua ya moshi iliyoitwa Roi des Belges. Alikuwa mtu wa Poland. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, nyuma ya Kipolandi na Kifaransa, na alikianza akiwa na umri wa karibu miaka 20, ndiyo kusema mkubwa kuliko sisi. Mwaka 1899 alitoa habari yake juu ya mto huu, Heart of Darkness, na dunia nzima ikaisoma. Mwaka 1975 Chinua Achebe wa Nigeria, ambaye naye hakuzaliwa na Kiingereza mdomoni, alisimama kule Marekani na kusema kwamba katika habari ile Waafrika hawakupewa utu wao. Alisema hivyo kwa Kiingereza, na walimsikia. Wale waliosema vibaya juu yetu walijua kuweka nukta. Anayetaka kuwajibu lazima ajue kuziweka vilevile.

WALE WANAOSEMA "EGZAMENI NI ITEMS TU"

Hoja hii ndiyo yenye nguvu, na wafinalisti wenzetu wanaipenda. Wanasema: katika Egzameni ya Leta tunaandika dissertation ya Kifaransa, lakini Kiingereza kinakuja na maulizo ya kuchagua jibu. Tunatia alama pembeni ya herufi, basi. Juu ya nini kuteseka na fraze?

Ni kweli kabisa, na hapo ndipo hatari iko. Mwanafunzi anaweza kupata diploma bila kuandika fraze hata moja ya Kiingereza siku ya egzameni. Kuchagua fraze ya mtu mwingine si kutunga yako. Aliyekaa pembeni ya dereva kwa miaka sita na kusema "hapa kushoto, hapa kuume" hajajua kuendesha. Egzameni itapita siku chache. Kazi ya kuandika itabaki maisha yote.

TUFANYE NINI?

Kwa wanafunzi: kila juma tuandike mistari 10 ya Kiingereza, si zaidi, juu ya jambo lolote. Siku ya Ijumaa tubadilishane kaye na jirani. Jirani asikosoe mambo mengine, apige tu mstari wa krayo pale fraze mbili zimegongana, na mwenye kaye aponye mwenyewe. Macho ya mwingine yanaona haraka kile ambacho macho yetu yamezoea.

Kwa waalimu wetu, kwa heshima kubwa: tunajua klasi zimejaa na mnasahihisha usiku. Karatasi ikirudi imejaa biki nyekundu kila pahali, mwanafunzi anatazama pointi na kuifunga. Tunaomba kwamba kwa mwezi mmoja msahihishe kosa hili peke yake. Kazi yenu itapungua, na sisi tutaona vizuri.

Kwa Bwana Prefe: tunaomba saa moja kwa juma, hata nyuma ya masomo, ambamo klasi zote zitaandika Kiingereza badala ya kunakili.

Na kwa gazeti letu: kuanzia namba inayokuja, karatasi ya Kiingereza ipite kwanza mbele ya mwanafunzi mwingine, ndipo ifike kwetu.

Ezra na Walawi waliposoma torati mbele ya watu, kama tunavyosoma katika Nehemia sura ya 8, hawakukimbiza maneno. Walisoma wazi na kueleza, watu wakafahamu. Sisi tunaojiita shule ya Kiprotestanti, tuliojengwa juu ya Neno, hatuwezi kudharau namna ya kulipanga neno.

Sasa kazi. Katika maneno haya kuna pahali 5 pa kuponya. Mtafute, na majibu mtayakuta katika namba inayokuja:

"Our school is near the river, many pupils come from the other side they cross in boats every morning. The boats are old, however the pupils are not afraid. When it rains they arrive late the teacher waits for them, then he starts the lesson."

Muwe na masomo mema.

Kapita wa shule, mwaka wa mwisho